Kompresheni sio soksi inayobana tu

Kila msimu wa marathon ukikaribia nasikia sentensi ileile kutoka kwa wakimbiaji wenzangu: "nimepata soksi za kompresheni, zinabana hatari." Ukiziangalia ni soksi ndefu za kuchezea mpira wa miguu, zinafika gotini, juu zina lastiki nene, na mwenyewe yuko tayari kuingia nazo kilomita 42 akiamini zinamrudishia damu juu. Wengine wanauliza kabisa ipi inabana kuliko zote ili wachukue hiyo. Naomba tuelewane hapa, maana hili neno limetumika ovyo mpaka watu wanaumizwa na kitu walichonunua kiwasaidie.

Maana yake fupi: soksi ya kompresheni ni soksi iliyofumwa ili ikandamize mguu kwa kiwango kinachojulikana, kiwango ambacho ni kikubwa zaidi kwenye kifundo na kinapungua taratibu kadiri unavyopanda kwenye kigimbi kwenda gotini. Kuna vitu viwili hapo, kipimo na mpunguo. Kimoja kikikosekana hiyo ni soksi ndefu, hata ibane vipi.

Huo mpunguo ndo watu wanauruka, na wazo lote lilianzia hapo. Conrad Jobst, injinia mzaliwa wa Ujerumani aliyeishi Marekani, alikuwa na ugonjwa wa vena za miguuni, yaani mishipa inayorudisha damu moyoni, uliomtesa kwa miaka, akagundua kwamba akisimama ndani ya bwawa la kuogelea miguu inapata nafuu. Kama injinia hakuishia kwenye nafuu, alitaka sababu, na sababu ni kwamba maji hayakukandamizi sawasawa mwili mzima, kadiri kina kinavyoongezeka ndivyo mkandamizo unavyozidi, kwa hiyo mtu aliyesimama majini anabanwa zaidi kifundoni, inapungua gotini, inapungua tena kiunoni. Akaanza kutafuta namna ya kufuma kitambaa kifanye kazi hiyohiyo nchi kavu, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 soksi za namna hiyo zilikuwa zimeshapatikana. Sasa linganisha na ile soksi yenye lastiki nene juu: yenyewe inabana kwa nguvu chini ya goti na kifundoni imelegea, yaani imepindua kila kitu.

Na sio kwamba watengenezaji wa soksi za mpira wamekosea, wao walitaka tu soksi isishuke na ishike kinga ya ugoko. Ni fizikia ya kawaida. Chukua mrija wa kitambaa kinachovutika wenye upana uleule juu mpaka chini, uvalishe mguu ambao kifundo kina mzunguko wa sentimita 21 na kigimbi 36. Kifundoni kitambaa kinavutika kidogo, kwenye kigimbi kinavutika sana, kwa hiyo mvuto mkubwa unakaa juu. Hapohapo kuna kanuni ya Laplace inayosema kwa mvuto uleule sehemu nyembamba inakandamizwa zaidi kuliko sehemu nene, ndo maana fundi anayefuma soksi halisi ya kompresheni analazimika kucheza na vitu vyote viwili pamoja, umbo la mguu na ukazaji wa uzi, akibadilisha mstari kwa mstari. Ukiigeuza ndani nje na kuivuta kwa vidole unaisikia hiyo tofauti, karibu na kisigino inagoma, ukipanda inalainika. Ile ya mpira ukiivuta ni ileile toka chini mpaka juu, halafu ghafla lastiki.

(Wapo watengenezaji wa soksi za michezo wanaoweka mkandamizo mkubwa kwenye kigimbi kwa makusudi, ila wanaueleza na wanaupima, hiyo ni habari nyingine kabisa na soksi iliyotokea tu kubana.)

Tuje kwenye kipimo. Kinaandikwa mmHg, milimita za zebaki, kilekile daktari anachotumia kwenye presha anaposema 120 kwa 80. Ukiona soksi imeandikwa 15-20 mmHg maana yake kifundoni, pale pembamba, inakandamiza kati ya hizo namba mbili, halafu inapungua. Ukitaka kuielewa 20 mmHg kwa mwili wako, ni sawa na mkandamizo wa maji yenye kina cha sentimita 27 hivi. Sio kitu cha kutisha, na ndo hoja yenyewe, kompresheni inayofaa haihisiwi kama mateso, inahisiwa kama mguu umeshikwa vizuri.

Soksi nyingi za wakimbiaji ziko kwenye 15-20, nyingine zinagusa 20-30. Ukivuka 30 umeshaingia eneo la tiba, soksi za wagonjwa wenye matatizo ya vena, na hizo anazichagua daktari. Anayekuambia "chukua 30-40 ndo kiboko" hajui anachokushauri. Halafu kuna hili linalonikera zaidi, watu wanatajiana "daraja la pili" kana kwamba ni kitu kimoja dunia nzima. Sio. Kwa viwango vya Ujerumani daraja la pili ni 23 mpaka 32 mmHg, kwa vile vya Uingereza ni 18 mpaka 24, kwa hiyo watu wawili wanaweza kuvaa "daraja la pili" na mmoja akabanwa zaidi ya mwenzake kwa mbali. Usisome daraja, soma mmHg. Na kama pakiti haina namba yoyote, imeandikwa "kompresheni" kwa herufi kubwa na picha ya mtu anakimbia, basi hakuna aliyekuahidi chochote.

Je, zinaongeza kasi? Hapa niseme wazi kwa sababu matangazo yanadanganya sana. Mtu akisimama tuli, presha ya damu ndani ya vena za kifundoni inafika kama 80 hadi 90 mmHg, maana damu yote inayosubiri kurudi moyoni imejipanga juu yake kama nguzo. Akianza kutembea, misuli ya kigimbi inakaza na kulegea, inaikamua damu ipande, vali ndani ya vena zinaizuia isirudi, na ile presha inashuka mpaka 20 au 30. Sasa mkimbiaji anaifanya hiyo kazi maelfu ya mara kwa saa, hiyo pampu yake ya kigimbi inafanya kazi kikamilifu, soksi inamuongezea nini? Kwa mtu mzima wa afya anayekimbia, kidogo sana. Tafiti nyingi zilizopima muda wa kumaliza mbio hazikukuta tofauti ya maana kati ya aliyevaa na asiyevaa. Kinachojitokeza mara nyingi zaidi ni kwamba mtikisiko wa misuli unapungua kila mguu unapotua, na baada ya mbio baadhi ya watu wanaripoti maumivu kupungua siku zinazofuata. Paula Radcliffe, Mwingereza aliyekimbia marathon kwa 2:15:25 mwaka 2003, rekodi iliyodumu mpaka 2019, alijulikana kwa soksi ndefu na watu wengi waliziiga baada ya kumuona. Lakini ile 2:15 ilitoka kwenye mapafu, miguu na miaka ya mazoezi.

Ndo maana mimi naona muda wake mzuri ni baada ya mbio, hasa kama umemaliza na unakaa kwenye basi au ndege kwa masaa, pale kigimbi kimelala na pampu imezima. Hapo soksi ina kazi ya kufanya.

Sasa kuchagua. Saizi ya kiatu peke yake haitoshi, hata kama pakiti imeiandika. Watu wawili wanavaa namba 42, mmoja kigimbi ni sentimita 34 mwingine 41, wakivaa soksi ileile mmoja anapata kompresheni na mwingine anapata adhabu. Pima asubuhi mguu haujavimba, kwa ile futi ya kitambaa ya mafundi cherehani: mzunguko wa kifundo pale pembamba kabisa juu ya mfupa, mzunguko wa kigimbi pale panene kabisa, na urefu kutoka sakafuni mpaka mkunjo wa nyuma ya goti. Futi iguse ngozi bila kuibonyeza. Ukiwa katikati ya saizi mbili angalia jedwali la mtengenezaji, usikimbilie ndogo ukidhani ndo itabana vizuri, maana ile namba ya mmHg ni ya kweli pale tu mguu wako umo ndani ya vipimo vya saizi hiyo.

Kuivaa nako kuna watu wanaharibu. Igeuze ndani nje mpaka kwenye kisigino, ingiza vidole, kaa kisigino kwenye kifuko chake sawasawa, halafu uipandishe kidogo kidogo huku unalainisha makunyanzi kwa kiganja. Ikizidi urefu usiikunje pale juu, tafadhali, mkunjo ni tabaka mbili, mkandamizo unaongezeka pale chini ya goti na umeshajifunga mguu kwa mpira. Kama inazidi, basi saizi sio yako. Vidole vikifa ganzi, vikipoa au vikibadilika rangi, vua hapohapo, hata kama uko kilomita ya 30.

Zile zinazofunika kigimbi tu bila unyayo ni sawa kwa mtu anayetaka kushika misuli wakati wa kukimbia na abaki na soksi zake alizozoea, ila zisivaliwe kwenye safari ndefu ya kukaa, kwa sababu zinabana juu zinaacha unyayo wazi na maji ya mwili yanaweza kujikusanya huko chini. Na zile nyeupe za hospitalini wanazovalishwa wagonjwa waliolala ni za kulala, zimepimwa kwa mguu uliolazwa kitandani, sio za kukimbilia.

Mwenye kisukari kilichoshaathiri hisia za miguu, mwenye mishipa ya ateri (ile inayopeleka damu) iliyoziba miguuni, au mwenye moyo ulioshindwa kazi, huyo azungumze na daktari kwanza kabla hata ya ile 15-20. Hapa sitaki mjadala.

Uzi unaovutika nao unachoka. Soksi inayovaliwa na kufuliwa mara kwa mara, watengenezaji wengi wanashauri ibadilishwe kila baada ya miezi kama sita. Ifue kwa maji ya uvuguvugu, bila jiki, bila kilainishi cha nguo, anika kivulini. Ukiona sasa inapanda mguuni kirahisi kama soksi ya ofisini, ile namba ya kwenye pakiti haipo tena.

Kwa hiyo ndugu yangu ukinionyesha soksi zako mpya sitakuuliza zinabana kiasi gani, nitakuuliza zimeandikwa mmHg ngapi na kigimbi chako ni sentimita ngapi. Kama huna majibu bado zivae tu, ni soksi ndefu nzuri, mradi lastiki ya juu isikuachie alama nyekundu chini ya goti.