Ndugu Wasiofanana, Wageni Wanaofanana

Ile harufu ya udongo mvua ya kwanza inapogonga ardhi kavu hutokana na kemikali iitwayo jiosmini, na watengenezaji wake wakuu ni bakteria wa jenasi ya Streptomyces. Jeni ya jiosmini wanayo karibu wote. Jeni za kutengeneza dawa, kama viuavijasumu, ni habari nyingine.

Hizo hukaa pamoja kwenye kromosomu, fungu moja: za kujenga dawa, za kuipamba, za kumlinda bakteria asijiue kwa sumu yake, na za kuamrisha kazi ianze. Jenomu, yaani orodha nzima ya DNA, ya Streptomyces coelicolor ilipochapishwa mwaka 2002, mafungu ya namna hiyo yalionekana zaidi ya 20.

Bakteria huyo ana ndugu wa karibu sana, S. lividans. Wote wana fungu la aktinorodini, kiuavijasumu kinachobadilika kama litmasi: chekundu kwenye asidi, buluu kwenye alkali. Waoteshe maabara uone. Coelicolor anaichafua sahani nzima kwa buluu. Lividans kwa kawaida hana habari. Jeni anazo, kazinyamazisha tu. Na ajabu, badiliko la asidi amino moja katika protini ya ribosomu, mashine ya seli ya kujenga protini, lile lile linalompa usugu dhidi ya kiuavijasumu streptomisini, humwamsha naye akaanza kupaka buluu.

Sasa chukua wageni wawili, Streptomyces wasio ndugu wa karibu. Udongo uliotupatia bakteria wa dawa ya rapamaisini ulichotwa mwaka 1964 kisiwani Rapa Nui, kusini-mashariki mwa Pasifiki. Wa takrolimusi ulitoka Tsukuba, Japani, miaka 20 baadaye. Dawa zote mbili huzuia mwili kukataa figo iliyopandikizwa. Protini zinazozijenga ni kama mafundi waliojipanga mstari, kila mmoja anaongeza kipande na kumpasia jirani. Mstari wa rapamaisini una vituo 14 vya mafundi hao, wa takrolimusi 10. Lakini kipande cha kuanzia ni kimoja, na cha kufungia ni kimoja, asidi ya pipekoliki. Ndani ya seli zetu dawa zote mbili hushika protini ile ile, FKBP12, kisha kila moja ikaenda kuziba njia yake.

Mafungu haya huweza kuhama kutoka bakteria mmoja kwenda kwa mwingine, hivyo ukoo haunitoshi. Mwenzangu maabara akiniambia tutupe sampuli ya bakteria kwa kuwa jeni yake ya 16S, ile inayotumika kupima ukoo, inafanana na ya bakteria tuliye naye tayari, tunabishana. Friji yetu imejaa, hilo nakubali.