Je, wajua kwa nini kitabu cha masimulizi ya kweli huuzwa kabla hakijaandikwa?

Ukiandika riwaya kwa Kiingereza na kutafuta wakala wa waandishi London au New York, yaani mtu anayemtafutia mwandishi mchapishaji, swali la kwanza utakaloulizwa ni kama umeimaliza. Kama bado, utaambiwa ukaimalize kwanza. Lakini ukitaka kuandika kitabu cha mambo yaliyotokea kweli, ukiyasimulia kwa watu, matukio na mtiririko kama wa hadithi, utaratibu hugeuka. Wakala hakuombi mswada mzima. Anataka andiko la kurasa thelathini, arobaini, pengine sitini, linaloeleza kitabu kitakavyokuwa, pamoja na sura moja au mbili za mfano. Kwa andiko hilo tu kitabu huuzwa, mkataba ukasainiwa na fedha za kwanza zikalipwa, ilhali sehemu kubwa ya kitabu bado haijaandikwa.

Kwa wengi wetu jambo hili linashangaza, kwa sababu kwetu hata wakala mwenyewe ni mgeni. Dar es Salaam na Nairobi mwandishi hupeleka mswada kwa mchapishaji kwa mkono wake au kwa barua pepe, na wachapishaji wengi wanaishi kwa vitabu vya shule. Marekani na Uingereza mlango huo umefungwa. Kampuni kubwa tano zinazotawala soko la Marekani, yaani Penguin Random House, HarperCollins, Simon & Schuster, Hachette na Macmillan, kwa kawaida hazisomi kazi inayotumwa na mwandishi moja kwa moja. Inabidi ipitie kwa wakala. Kazi ya uwakala ilianza London katika miaka ya 1870 na Mskoti aliyeitwa A. P. Watt, ambaye ndiye huhesabiwa kuwa wakala wa kwanza, na kamisheni yake ilikuwa asilimia 10 ya malipo ya mwandishi. Siku hizi ni asilimia 15 kwa mauzo ya nyumbani na kwa kawaida 20 kwa haki za tafsiri na mauzo ya nje. Mwandishi asipolipwa, wakala naye hapati kitu.

Sasa turudi kwenye swali letu. Riwaya haiuziki kwa muhtasari, kwa sababu uzuri wake umo katika kila sentensi na hakuna anayejua kama mwandishi ataufikisha hadi mwisho mpaka aufikishe. Masimulizi ya kweli yana kitu kinachosimama hata kabla ya kuandikwa: tukio lenyewe, watu wenyewe, nyaraka zenyewe. Mhariri anaweza kuyapima hayo mapema. Tena utafiti wake ni wa gharama. Kuna nauli, kuna vibali vya kuingia kwenye nyumba za kumbukumbu, kuna miezi ya kukaa na watu mpaka wakuamini. Malipo ya awali yalizoeleka ili kazi hiyo iweze kufanyika. Na ipo sababu ya tatu: mhariri anayenunua mapema anapata nafasi ya kuelekeza kitabu kingali kibichi, kabla mwandishi hajatumia miaka kwenda njia isiyofika.

Wasichokijua wengi ni safari ya andiko lenyewe. Wakala akilikubali, hulituma kwa wahariri kadhaa aliowachagua kwa kuwajua ladha zao. Mhariri akilipenda, hawezi kulinunua peke yake. Hulipeleka kwenye mkutano wa ununuzi, ambako wamo watu wa mauzo, wa matangazo na wa fedha, na huko hupigwa hesabu ya nakala zinazoweza kuuzwa na gharama za kuzitoa. Mwandishi hayumo katika mkutano huo, wala wakala hayumo. Andiko ndilo mshenga: linasema kwa niaba ya mtu asiyeruhusiwa kuingia. Ndiyo maana wakala anaweza kukaa na mwandishi miezi mingi akilirudisha na kulirudisha kabla hajalionyesha kwa mhariri hata mmoja.

Tuchukue mfano ambao Watanzania wengi wanaujua. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba, ikitoka Bukoba kwenda Mwanza, ilizama Ziwa Victoria ikiwa imekaribia kabisa kufika. Mamia ya watu walikufa. Meli ilipopinduka, watu walikuwa bado hai ndani yake. Ikatobolewa tundu ili waokolewe, hewa ikatoka, na meli ikazidi kuzama. Tuseme mwandishi wa Mwanza anataka kuandika kitabu cha Kiingereza juu ya siku hiyo. Akimwandikia wakala kwamba ana kitabu kuhusu ajali ya MV Bukoba, atakuwa amempa mada. Wakala anatafuta simulizi: nani tunamfuata, anataka nini, nini kinamzuia, na kwa nini nifungue ukurasa wa pili?

Andiko zuri lingechagua watu watatu au wanne. Tuseme mama aliyepanda na watoto, mzamiaji aliyeshuka kuopoa miili, na mtu aliyekuwa na kazi bandarini usiku ule. Lingeonyesha maisha yao yanavyosogeleana mpaka asubuhi ile, kisha miaka iliyofuata: mazishi ya pamoja, tume ya uchunguzi, kesi, familia ambazo hazikupata mwili wa kuzika. Muhtasari wa sura ungeeleza kila sura inaanzia katika tukio gani na inaishia wapi, aya moja au mbili kwa kila sura, kwa lugha ileile itakayotumika kitabuni. Andiko kavu lililoandikwa kama ripoti ya mradi humwambia wakala kwamba na kitabu kitakuwa kikavu.

Kisha linakuja swali ambalo kwa maoni yangu ndilo hukata shauri: kwa nini wewe? Mwandishi wetu wa Mwanza ana jibu ambalo mwandishi wa Brooklyn hana. Anaongea lugha za waliosafiri siku ile. Amekaa na ndugu wa marehemu. Ana saa nyingi za mahojiano, amesoma ripoti ya tume, anajua nani yu hai na nani amekubali kuzungumza. Hayo yote yaandikwe wazi katika andiko, kwa sababu ndiyo mtaji wake. Waandishi wetu wengi huyaficha kwa adabu, wakidhani kujieleza ni kujisifu, halafu wanajaza nafasi hiyo kwa orodha ya vyeti. Vyeti havimshawishi wakala anayetafuta mtu mwenye ufunguo wa nyumba ambayo wengine wanaiona kwa nje tu.

Hapa pana jambo linaloniuma, na sitalipita. Miongoni mwa waliokufa katika MV Bukoba alikuwamo Abu Ubaidah al-Banshiri, kamanda wa al-Qaeda, miaka miwili kabla balozi za Marekani za Nairobi na Dar es Salaam hazijalipuliwa tarehe 7 Agosti 1998. Wakala wa New York akisoma mstari huo ataruka kitini, na ni rahisi kumwelewa: ndio uzi unaoifunga ajali hiyo na msomaji wake. Mwandishi mwenye akili atauweka mstari huo ndani ya barua yake. Lakini akubaliane na nafsi yake mapema ni ukurasa wa ngapi mtu huyo ataingia na wa ngapi atatoka, maana shinikizo la kumfanya awe kitovu cha kitabu litakuja, na litakuja kwa sauti ya upole. Mamia ya watu wa Kagera na Mwanza hawakufa ili wawe mandhari ya kifo cha mtu mmoja. Wakala wa kweli atakuelewa ukimwambia hivyo, na jibu atakalotoa litakusaidia kujua kama yeye ndiye.

Upo upande mmoja ambako utaratibu huu haushiki. Kumbukumbu za maisha yako mwenyewe, hata kama kila neno ni kweli, mawakala wengi huzitendea kama riwaya. Ikiwa mwandishi hana jina linalojulikana, wanataka mswada uliokamilika, kwa kuwa kitu kinachouzwa hapo ni sauti, na sauti haina muhtasari.

Namna ya kumpata wakala ni rahisi kuliko watu wanavyodhani, ingawa inahitaji subira. Chukua vitabu vitano au sita vya karibuni vinavyofanana na hicho unachotaka kuandika, ufungue ukurasa wa shukrani mwishoni. Karibu kila mwandishi humshukuru wakala wake kwa jina. Hiyo ndiyo orodha yako ya kwanza, na ni bora kuliko orodha yoyote utakayonunua, kwa sababu kila jina limeshathibitisha kwamba linauza kitabu cha aina yako. Vitabu hivyo hivyo utavitumia tena ndani ya andiko, katika sehemu inayoonyesha kitabu chako kitakaa rafu gani. Chagua vya miaka michache iliyopita, wala usijilinganishe na kitabu kilichouza mamilioni duniani kote, maana hilo halimpi mtu wa mauzo hesabu yoyote. Kisha nenda kwenye tovuti ya kila wakala uone anavyotaka kuandikiwa. Wengi wanataka barua ya ukurasa mmoja ndani ya barua pepe yenyewe, bila kiambatisho. Wengine wana fomu ya mtandaoni. Wapelekee wachache kwa awamu, usubiri wiki au hata miezi, na ujue kwamba kimya mara nyingi ndilo jibu. Ukiona hakuna hata mmoja anayeomba andiko, tatizo liko kwenye barua. Wakiliomba kisha wakalikataa, rudi kwenye andiko.

Kuna njia nyingine, na katika masimulizi ya kweli imezaa mikataba mingi: kutafutwa. Mawakala husoma makala ndefu za magazeti na majarida makubwa, na mwandishi akitoa simulizi moja nzuri ya maneno elfu tano au sita, mara nyingi barua huja zenyewe. Kwa mwandishi wa habari wa Afrika Mashariki hii inaweza kuwa njia fupi kuliko kuandika barua hamsini.

Na tafadhali, asikulaghai mtu. Wakala wa kweli hatozi ada ya kusoma, ya usajili, wala ya kukutambulisha kwa mchapishaji. Chama cha mawakala cha Marekani kinawakataza wanachama wake kutoza ada ya kusoma. Anayekuandikia ghafla kwa sifa nyingi, akitumia jina la kampuni kubwa lakini barua pepe ya bure, kisha anataka dola mia tano za usindikaji, ni tapeli. Tangu mwaka 1998 Wamarekani wana huduma iitwayo Writer Beware inayoanika matapeli wa aina hiyo, na kuangalia jina la mtu huko ni bure.

Fedha zenyewe zinahitaji kupigiwa hesabu kwa utulivu. Tuseme andiko limeuzwa kwa malipo ya awali ya dola 40,000. Hazilipwi pamoja. Mara nyingi hugawanywa mafungu manne: wakati wa kusaini, mswada unapokabidhiwa na kukubaliwa, kitabu kinapotoka, na kinapotoka toleo la jalada jepesi au baada ya mwaka mmoja. Kila fungu ni dola 10,000, wakala anatoa 1,500, kwako zinafika 8,500 kabla ya kodi. Serikali ya Marekani kwa kawaida huzuia asilimia 30 ya mirabaha ya mwandishi asiye raia wala mkazi wake, kama nchi yake haina mkataba wa kodi na Marekani. Kwa hiyo utafiti wa miaka miwili au mitatu utaendeshwa kwa fungu la kwanza peke yake. Wengi huongezea kwa ruzuku au kwa makala, na ni vizuri kujua hivyo kabla ya kuacha kazi. Kitabu kisipouzika, malipo hayo hayadaiwi. Usipoukabidhi mswada, yanaweza kudaiwa.

Kipo kifungu kimoja ambacho mwandishi wa kwetu akizungumze na wakala kabla mchapishaji hajapatikana, nacho ni haki za eneo na za lugha. Wachapishaji wa Uingereza hupenda kuchukua nchi zote za Jumuiya ya Madola kwa pamoja, na matokeo yake kitabu kilichoandikwa juu ya Mwanza huja kuuzwa Mwanza kwa bei ya paundi. Wakala anaweza kuitenga Afrika Mashariki ili mchapishaji wa hapa atoe toleo lake. Imewahi kufanyika: riwaya ya Yvonne Adhiambo Owuor, Dust, ilitolewa Nairobi na mchapishaji aitwaye Kwani? na huko Marekani na mchapishaji Knopf. Haki ya tafsiri ya Kiswahili nayo ibaki mkononi mwako au mwa wakala wako, isizame ndani ya mkataba mkubwa ambako hakuna atakayeikumbuka. Paradise ya Abdulrazak Gurnah ilitoka Uingereza mwaka 1994. Toleo lake la Kiswahili, Peponi, lililotafsiriwa na Ida Hadjivayanis, lilitolewa na Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam mwaka 2022, baada ya Tuzo ya Nobel.