Meli ya kubeba ndege: bei mnayoisoma ni ya meli tupu

Kila zikitokea vurugu mahali na Marekani wakatangaza wamesogeza manowari yao ya kubeba ndege, sisi watu wa mambo ya bahari simu hazilali. Hivi lile dude ni bei gani? Lina nini humo ndani? Alafu hakosi mmoja wa kuuliza kwanini na sisi tusinunue hata moja, si tunakopesheka. Mimi nafundisha usalama wa baharini kwenye chuo kimoja hapa Dar na nimeombwa niyaeleze haya kwa lugha ya kawaida, kwahiyo walioko kwenye fani mnivumilie nikiruka baadhi ya vitu.

Tuanze na hela maana ndiyo inayowashika watu. USS Gerald R. Ford, ndiyo kubwa kuliko zote kwa sasa, iliingia rasmi kazini Julai 2017 ikiwa imekula kama dola bilioni 13. Kwa shilingi zetu hiyo ni zaidi ya trilioni 30, na ukumbuke bajeti nzima ya serikali yetu ya 2024/25 ilikuwa trilioni 49 na ushee, yaani mishahara, barabara, dawa, madeni, kila kitu humo humo. Ina urefu wa mita 337, Daraja la Nyerere pale Kigamboni lina mita 680, kwahiyo ukiilaza sambamba na daraja inafika karibu nusu. Ndani wanaishi watu kama 4,500 wakiwemo marubani na mafundi wa ndege.

Sasa hiyo bilioni 13 ni meli tupu, ndege hazimo. Ndege moja ya kivita aina ya F-35C inakaribia dola milioni 100, na Ford imetengenezwa kubeba ndege zaidi ya 70 za aina mbalimbali, piga mwenyewe. Na haiendi vitani peke yake, inasindikizwa na manowari za ulinzi zenye makombora ambazo moja ni zaidi ya dola bilioni 2, chini mara nyingi kuna nyambizi, na nyuma meli ya ugavi. Hapo kwenye ugavi ndipo wengi wanapotea, wakisikia nyuklia wanadhani mafuta hayahitajiki tena. Ni kweli vinu viwili vya Ford vinaisukuma meli miaka 20 na zaidi bila kujazwa, lakini ndege zinakunywa mafuta ya ndege kama kawaida na watu elfu nne wanakula kila siku, kwahiyo kila baada ya siku chache meli ya ugavi inakuja ubavuni, zinatembea sambamba katikati ya bahari na mabomba yamening'inia katikati yao, hazisimami.

Na haya ni matumizi ya meli ikiwa nzima. Ikiharibika je? USS George Washington iliingizwa kiwandani 2017 kubadilishiwa nishati ya nyuklia na kukarabatiwa, mpango ulikuwa miaka minne, ikatoka Mei 2023. Ndiyo maana Marekani wana 11 kwenye makaratasi lakini hesabu ya kawaida ni kwamba ukitaka moja iwe kazini lazima uwe na tatu, moja iko mbali, moja inafanya mazoezi, moja iko kwa fundi. Alafu kuna hili la vyoo, wengi mtadhani natania: mwaka 2020 mkaguzi wa serikali yao, yule anayefanya kazi kama ya CAG wetu, aliandika kwamba mabomba ya vyoo vya Ford yanaziba na kuyasafisha kwa tindikali ni dola 400,000 kwa mara moja. Kama shilingi bilioni moja, kuzibua vyoo!

Kazi yenyewe inafanyikia kwenye sitaha, yaani ule uwanja wa juu ya meli, na mimi hapo ndipo napapenda. Ndege nzito ya vita inahitaji njia ndefu ya kurukia, meli haina, kwahiyo inarushwa kwa manati. Za zamani zinatumia mvuke: gurudumu la mbele la ndege linafungwa kwenye kishikizo kinachokimbia ndani ya mfereji, mvuke unafunguliwa, na ndani ya sekunde mbili tatu ndege imetoka sifuri mpaka kilometa zaidi ya 250 kwa saa. Ford imeacha mvuke, inatumia sumaku ya umeme, faida yake unaweza kupima nguvu, droni nyepesi uipe kidogo na ndege nzito uipe nyingi, ingawa miaka ya mwanzo mtambo huo uligoma goma sana. Kutua ndiko kugumu zaidi. Ndege ina ndoano mkiani, kwenye sitaha zimetandikwa kebo za chuma, tatu kwa Ford na nne kwa nyingi za zamani, rubani anatakiwa anase moja. Na akigusa tu sitaha hapunguzi moto, anasukuma injini mpaka mwisho, sababu ndoano ikikosa kebo zote lazima awe na mwendo wa kuruka tena, la sivyo anaishia majini. Wanaomzunguka wanajulikana kwa rangi za nguo kwasababu kwa kelele zile hakuna anayemsikia mwenzie: zambarau ni wa mafuta, nyekundu wa silaha, njano ndio wanaoelekeza ndege, kijani wapo kwenye manati na kebo.

Wengine wameamua kubana matumizi. Waingereza, ambao ndio waliobuni manati ya mvuke, leo meli zao mbili za Queen Elizabeth na Prince of Wales hazina manati kabisa, zina mwinuko mbele ndege inapanda na kuchomoka, na mbili zote ziliwagharimu pauni bilioni 6 na kitu. Wafaransa wana moja tu, Charles de Gaulle, ya nyuklia, ikienda matengenezo nchi inabaki bila. China walinunua gofu la meli ya Kisovieti kutoka Ukraine mwaka 1998 kwa dola milioni 20, mnunuzi akasema anaenda kufanya kasino Macau, ikaishia kuwa Liaoning, meli ya jeshi, mwaka 2012. Leo wana tatu na ya mwisho, Fujian, iliyoingia kazini Novemba 2025, ina manati ya sumaku kama Ford. Kasino haijawahi kufunguliwa mpaka leo.

Kwa wale wa "tununue hata moja", waangalieni Thailand. Walipokea ndogo yao 1997, Chakri Naruebet, ndege zake zikazeeka wakazistaafisha, sasa inabeba helikopta na muda mwingi iko bandarini. Brazil ndio kabisa, mwaka 2000 walichukua chakavu ya Wafaransa kwa dola milioni 12 tu, bei ya kutupa, wakahangaika nayo miaka na miaka, walipotaka kuiuza kama chuma chakavu Uturuki wakakataa kuipokea kwa sababu ya asbesto iliyomo, madini yenye sumu, mwishoni Februari 2023 wakaizamisha wenyewe Atlantiki.

Sasa kama ni mzigo hivyo, wakubwa wanaing'ang'ania ya nini? Jibu liko hapa hapa mjini ila vijana wengi hawalijui. Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi pale Colito, ndiyo Lugalo ya leo, wakidai mishahara na maofisa Waafrika. Serikali ikayumba siku kadhaa, Mwalimu akalazimika kuomba msaada Uingereza. Waingereza hawakuwa na haja ya kuomba uwanja wa ndege kwa jirani yeyote, HMS Centaur ilishatoka Aden na makomando wa 45 ndani yake, ikaja kukaa nje ya Dar, na alfajiri ya tarehe 25 helikopta zikaruka kutoka sitahani mpaka kambini na maasi yakaisha asubuhi hiyo. Mwalimu hakuficha kwamba ilikuwa fedheha kwa taifa, jeshi lile likavunjwa, JWTZ ikazaliwa Septemba 1964. Ukiisoma habari ile kwa jicho la bahari unaona kilichonunuliwa na mabilioni yale: uwanja wa ndege unaoutembeza, unausimamisha nje ya mlango wa mtu bila kumwomba ruhusa. Ford ilipopelekwa Karibi Novemba 2025, karibu na Venezuela, maana yake ilikuwa hiyo hiyo, kila mtu alielewa kabla hata ndege moja haijaruka.

Lakini mlango wa mtu siku hizi una makombora. China wana DF-21D, kombora la kutoka nchi kavu la kupiga meli umbali wa kilometa 1,500 hivi, lengo lake kubwa likiwa kuzisukuma meli hizi mbali mpaka ndege zake zisifike. Na Bahari ya Shamu tumeona kingine. Wahouthi, wale waasi wa Yemen, walianza kushambulia meli za mizigo mwishoni mwa 2023, Marekani wakaleta meli yao ya kubeba ndege ya Eisenhower, baadae Truman, wakatumia makombora ya dola milioni 2 kuangusha droni za maelfu tu ya dola, na bado kampuni nyingi za meli ziliendelea kuzungukia Rasi ya Tumaini Jema kule Afrika Kusini, safari ndefu na nauli juu, na mzigo wa kwetu unaotoka Ulaya na Mediterania haukupona. Truman yenyewe ndani ya miezi kama mitano ilipoteza ndege tatu za F/A-18: moja ilitunguliwa na manowari ya wenzao kimakosa, ya pili iliteleza ikatumbukia baharini ikiwa inavutwa, ya tatu kebo ya kuinasa ikitua ilifeli. Hakuna hata moja iliyoangushwa na adui.

Kwa sisi wenye pwani ya kilometa 1,400 na bahari ya kiuchumi (eneo ambalo samaki na mali nyingine ni haki yetu) ya kama kilometa za mraba 223,000, shida yetu ni wezi wa samaki bahari kuu na majahazi ya dawa za kulevya. Hayo yanataka boti za doria zenye mafuta, rada za pwani na ndege ndogo ya kuchungulia, na hata hizo kuzihudumia mwaka hadi mwaka ni mtihani.

Cha kufuatilia kwa sasa ni wanaotaka sitaha bila gharama za marubani. Uturuki Novemba 2024 walirusha na kutua droni yao ya TB3 kwenye meli ya TCG Anadolu, bila manati. Iran mwaka 2025 wakatoa Shahid Bagheri, meli ya kubebea droni ambayo awali ilikuwa ya makontena, wamekata juu wakaweka njia ya kurukia. Hailingani na Ford hata kidogo, Ford ingeizamisha mchana kweupe. Ila nchi zenye uwezo wa kununua meli kuukuu ya makontena na droni kumi ni nyingi, na kadhaa ziko kwenye bahari hii hii ya Hindi tunayochangia nao.