Dracula wa kwenye makaratasi

Mara ya kwanza kukutana na Dracula, yule mnyonya damu, nilikuwa kibanda umiza, nimebanana na wenzangu kwenye benchi, mtafsiri kashika maiki anaongea juu ya sauti ya filamu. Ilikuwa ile ya Francis Ford Coppola ya mwaka 1992. Gary Oldman, aliyemwigiza Dracula, akawa anamlilia mkewe aliyekufa, mtafsiri naye akatutangazia kwa sauti ya majonzi: "Jamaa kapenda huyu, kapenda kweli!" Tukakubali wote. Miaka baadaye nikaipata riwaya yenyewe ya Bram Stoker, iliyotoka London mwaka 1897, nikaisoma nikilisubiri lile penzi. Nikafika ukurasa wa mwisho sijaliona.

Siku hizi naandika skripti. Mtu akiniletea riwaya anataka iwe filamu, kitu cha kwanza ninachomuuliza ni hiki: habari hizi tunazipata kwa nani? Ukimuuliza hivyo Stoker, jibu lake ni rundo la makaratasi. Kuna shajara, barua, simu za maandishi, vipande vya magazeti, kumbukumbu za nahodha wa meli, na maneno ya Daktari Seward aliyoyanasa kwa mashine kwenye mitungi ya nta. Hakuna msimulizi anayesimama juu ya wengine. Kila mtu kaandika kile alichokiona yeye, na mara nyingi hakukielewa.

Dracula mwenyewe hana hata ukurasa mmoja wa kujieleza. Kitabu kina sura 27. Katika nne za kwanza, kule kwenye ngome ya Transylvania, yupo: anaongea, anaulizia mambo ya London, tena anamtandikia mgeni wake kitanda kwa mikono yake. (Mgeni huyo, mwanasheria Jonathan Harker, anamkuta akitandika, baadaye anamchungulia kwenye upenyo wa mlango akiandaa meza, ndipo anapohakikisha kwamba ngome nzima haina mtumishi hata mmoja. Filamu nyingi zimeitupa hiyo, na sijui kwa nini, maana mimi ndiyo iliyonitisha kuliko meno.) Akishavuka bahari kuja Uingereza, anapotea. Kuanzia hapo tunampata kwa vipande: mbwa mkubwa anayeruka kutoka kwenye meli iliyokwama Whitby, mji wa pwani ya Uingereza, kitu cheusi kilichomwinamia msichana Lucy makaburini, popo dirishani, ukungu unaopenya mlangoni. Lucy anazidi kupauka na madaktari hawajui anaumwa nini. Msomaji anajua, kwa sababu keshaisoma shajara ya Harker, na madaktari bado hawajaiona.

Sisi jambo hili si geni kwetu. Enzi za ukoloni, Afrika Mashariki ilijaa habari za mumiani, na miji mingine waliotajwa ni wazima moto, eti wananyonya watu damu. Usimfananishe mumiani na Dracula, maana mumiani hainywi hiyo damu, anaipeleka kwa wenye kuihitaji. Ila wanalingana kwa hili: ukimhoji anayekusimulia, yeye hakumwona. Kasimuliwa.

Kamera haiwezi kusimuliwa. Lazima ionyeshe, na hapo ndipo kazi inapoharibika, au inapogeuka kuwa kazi nyingine. Chukua tukio la kioo. Kitabuni, Harker katundika kioo kidogo karibu na dirisha, ananyoa ndevu. Anahisi mkono begani, sauti inamwamkia. Kioo kinaonyesha chumba chote nyuma yake, ila mtu hayumo. Anashtuka, wembe unamkata. Dracula akiiona damu anamkamata koo, mkono unagusa rozari aliyopewa Harker njiani, na hasira inakatika papo hapo. Kisha anakichukua kioo na kukitupa nje ya dirisha. Na Harker anaandika nini? Kwamba ni kero kwelikweli, sasa atanyoaje. Labda ajitazame kwenye kasha la saa yake, au kwenye kitako cha kopo la kunyolea, bahati nzuri ni la chuma. Mtu kakabwa koo na kiumbe kisichoonekana kwenye kioo, yeye anawaza ndevu!

Sasa fuata hiyo damu kwenye filamu. Kwa F. W. Murnau, mwaka 1922, kijana anakata mkate mezani, kisu kinampitia kidoleni. Kwa Tod Browning, mwaka 1931, aliyekwenda ngomeni si Harker tena, ni Renfield, ambaye kitabuni ni mgonjwa wa akili wa Daktari Seward, na anachomwa na klipu ya karatasi. Kioo nacho kimehamia London, kwenye kasha la sigara analolishika Van Helsing, profesa anayemwinda Dracula. Coppola anaurudisha wembe, halafu anampa Dracula aulambe. Kote huko tunautazama uso wa Dracula: katamani vipi, kakasirika vipi. Yale mawazo ya kopo la kunyolea yamekwenda na maji.

Lile vazi la jioni la Bela Lugosi, Dracula wa Browning, lilitoka kwenye tamthilia. Hamilton Deane aliiweka riwaya jukwaani mwaka 1924, ikafika Broadway mwaka 1927 Lugosi akiwa ndani. Jukwaani huwezi kupandisha milima na meli, kwa hiyo mambo yakahamia sebuleni, na anayeingia sebuleni kwa watu sharti awe nadhifu. Yule wa Stoker ni mzee mwenye masharubu meupe, ana nywele viganjani, pumzi inanuka, na kila akinywa anarudi ujana. Huyo humkaribishi chai.

Na jua? Jua kumwua ni la Murnau. Filamu yake ilitengenezwa bila ruhusa, Florence Stoker, mjane wa mwandishi, akashtaki, na mwaka 1925 mahakama ya Ujerumani ikaamuru nakala ziharibiwe. Nyingine zikanusurika, na kifo kile cha alfajiri leo watu wanakiona ndiyo kanuni. Kitabuni mchana unampunguzia nguvu tu. Harker anamkuta Piccadilly, barabara ya London, kweupe, kamkodolea macho msichana. Anakuja kuuawa kwa visu viwili, jua likizama, kwa mistari michache tu.

Kuhusu penzi, namwelewa Coppola. Ukishamweka mtu mbele ya kamera kwa saa mbili, watazamaji watamtafutia sababu ya kumpenda, na steringi bila mapenzi ni kazi ngumu kuiuza. Lakini Mina, mke wa Harker, ambaye Coppola kamfanya mpenzi wa Dracula, kwa Stoker analazimishwa kunywa damu, kichwa chake kimeshikwa kwa nguvu. Baadaye anaihurumia roho ya Dracula, na huruma hiyo haina mahaba ndani yake. Mina ndiye aliyekaa kwenye taipureta akachapa yale makaratasi yote, akayapanga kwa tarehe, na kwa mpangilio huo ndipo Harker na wenzake wakajua wanawinda nini.

Dracula alizichoma shajara na mitungi ya nta. Ilibaki nakala iliyochapwa. Miaka saba baada ya yote, Harker anaitoa kwenye sanduku la chuma, anapekua, anaona kwamba karibu hakuna karatasi ya asili hata moja. Ni taipureta tupu, na hawezi kumtaka mtu yeyote aiamini.

Sijaona filamu iliyoishia hapo.