Eyam, kijiji kilichojifungia ndani na tauni

Nikiongea na vikundi vinavyokuja hapa makumbusho kwetu, nikitamka tu neno karantini akili za watu zinakimbilia korona, barakoa na ndoo za kunawia mikono. Mi huwa nawarudisha nyuma hadi 1665, kwenye kakijiji kanaitwa Eyam, huko Derbyshire Uingereza. Wenyewe wanatamka "Iim", ukisoma kama ilivyoandikwa washajua we mgeni.

Kilikuwa kijiji cha wakulima na wachimba madini ya risasi, basi. Sasa mwaka huo London watu wanakufa na tauni vibaya mno, na huko huko ndo ulikotoka mzigo wa vitambaa wa mshonaji mmoja wa Eyam, Alexander Hadfield (ningemwita fundi cherehani ila cherehani zenyewe zilikuwa bado). Inasimuliwa mzigo ulifika una unyevu, msaidizi wake George Viccars akauanika mbele ya moto, viroboto waliojificha mle wakapata joto, na tarehe 7 Septemba Viccars akazikwa. Habari ya viroboto kubeba tauni tunaisema sisi wa leo, wao wangeijulia wapi, bakteria mwenyewe Alexandre Yersin alimgundua 1894! Wenzetu wa Lushoto hawahitaji kuelezwa sana, tauni iliingia kwao 1980 ikawa inaondoka inarudi miaka na miaka.

Baridi ilipoingia vifo vikapungua, lakini 1666 joto liliporudi tauni nayo ikarudi kwa hasira. Kasisi wa kijiji, William Mompesson, alikuwa mgeni na watu hawajamzoea, waliyempenda ni aliyemtangulia, Thomas Stanley, aliyekuwa ametolewa kwenye kazi kwa kukataa sheria mpya ya ibada ya 1662. Kwa hiyo Mompesson akamfuata mpinzani wake wakaongea na watu kwa sauti moja: hakuna kutoka, kila familia izike wafu wake yenyewe karibu na nyumbani, na ibada zihamie nje kwenye bonde la Cucklet Delf, kila familia isimame peke yake.

Na chakula je? Hapo ndo utamu wa historia hii ulipo, maana ushahidi bado upo unaushika kwa mkono. Kuna jiwe la mpakani upande wa Stoney Middleton lina vishimo, humo walitia siki wakadumbukiza hela, wa nje akija anaacha vyakula anachukua sarafu zake zilizooshwa. Kwa juu kuna chemchemi inaitwa Kisima cha Mompesson, nako mambo yalikuwa hivohivo. Lodi wa Chatsworth, yaani bwana mkubwa mwenye jumba la jirani, nae alikuwa anatuma mahitaji.

Walikufa zaidi ya 250. Kasisi mwenyewe alimzika mkewe Catherine Agosti 1666, kaburi lipo uani kwa kanisa, jirani na msalaba wa mawe wa karne ya 8 hivi uliokuwepo pale kabla ya yote haya. Sifa nyingi anapewa yeye na sikatai, ila tukumbuke watoto wake alishawatoa kijijini mapema, nafasi ambayo wengi hawakuwa nayo. Mi ukinipeleka Eyam nipeleke Riley kwanza, kwenye makaburi yaliyozungushiwa ukuta wa mviringo katikati ya shamba. Hapo Elizabeth Hancock alizika mume na watoto sita ndani ya siku nane, peke yake, alikuwa anawakokota mwenyewe maana hakuna jirani angesogea, na yeye wala hakufa.

Je walifanya sawa? Wataalamu bado wanabishana, maana kubanana na viroboto na panya sehemu moja huenda kuliongeza vifo vya ndani, japo vijiji jirani vilipona. Mtu wa mwisho alikufa tarehe 1 Novemba 1666.

Leo nyumba ya Hadfield ina kibao na majina ya waliofia humo, makumbusho yao yalifunguliwa 1994, na kila Jumapili ya mwisho ya Agosti wanafanya ibada palepale Cucklet Delf. Lile jiwe la mpakani nalo watalii bado wanaliwekea sarafu kwenye vishimo, siki tu ndo hamna.