Mafua ya Ndege: Hatari Haiko Kwenye Kuku Aliyeiva
Baadhi ya wakazi wa Dar es Salaam huamini kwamba mafua ya ndege huambukizwa kwa kula kuku, hivyo uvumi ukizuka huacha kitoweo hicho, ilhali hawashtuki mtoto anapookota kunguru aliyekufa uani. Nyama na mayai yaliyoiva hadi ndani, kwa nyuzijoto 70 au zaidi, hayana virusi hai. Tangu H5N1, aina mojawapo ya virusi vya mafua ya ndege, ilipogunduliwa kwa binadamu Hong Kong mwaka 1997, wengi wa walioambukizwa ni watu waliogusa ndege wagonjwa au mizoga, ama waliochinja na kunyonyoa, kazi ambayo hurusha matone ya damu na vumbi la manyoya hadi usoni. Bata mwitu huweza kubeba virusi bila dalili yoyote na kuviacha kwenye kinyesi, kwa hiyo kuku wa kufugwa wasichanganyike nao. Kuwatazama ndege wakitua kwenye mikoko, hata hivyo, hakumdhuru mtu.

Ukikuta mizoga, hasa ikiwa mingi mahali pamoja, usiiguse kwa mikono mitupu wala kumpa mbwa; mwarifu afisa mifugo wa kata. Aliyekwisha kuigusa anawe kwa sabuni, na akipata homa au kikohozi siku zinazofuata, amweleze daktari waziwazi.