Bani lisilo na tanuru: tumbaku ya Pinar del Río kwa macho ya mtu wa Urambo

Ukikulia kwenye tumbaku ya Urambo, mkoani Tabora, ukiona bani, yaani jengo la kukaushia tumbaku, jicho linatafuta tanuru kwanza. Ndivyo nilivyofanya siku nilipofika San Juan y Martínez, mkoani Pinar del Río, magharibi mwa Kuba. Nililizunguka bani la mbao lililoezekwa makuti mara mbili nzima, nisione tanuru wala bomba, wala hata gogo moja la kuni. Mzee mwenyeji wangu aliniacha nizunguke tu. Nilipochoka akasukuma mlango, akanionyesha kwa kidole: mwisho mmoja wa bani unatazama mashariki, wa pili magharibi, ili jua la asubuhi na la jioni lipige upande mfupi tu. Milango hufunguliwa na kufungwa kufuatana na unyevu wa siku. Basi, ukaushaji wao ni huo.

Sisi wa tumbaku ya mvuke tunakausha jani kwa moto, wiki moja hivi, na sukari inabaki ndani yake. Wao wanalitundika kwenye fito kama siku 50. Jani linakufa polepole, linakula wanga na sukari yake lenyewe, linageuka toka kijani kuwa njano hadi kahawia. Hapo kazi bado. Majani yanarundikwa na kuachwa yachachuke, na joto la ndani ya rundo huangaliwa kila mara. Likizidi, rundo linavunjwa na kupangwa upya. Wakati huo harufu kali ya amonia inakukaba koo.

Lakini bani bila ardhi si kitu. Pinar del Río ndiyo mkoa wa mwisho upande wa magharibi wa kisiwa, na mji wake mkuu uko kama kilomita 160 kutoka Havana. Kaskazini kuna safu ya milima ya Guaniguanico, na ndani yake bonde la Viñales lenye vilima vya mawe ya chokaa vilivyosimama wima kama vichuguu vikubwa. UNESCO waliliorodhesha mwaka 1999, na maksai bado wanavuta plau humo. Watalii wanakwenda huko. Mtu wa tumbaku anateremka kusini ya milima, kwenye tambarare ya San Luis na San Juan y Martínez, eneo liitwalo Vuelta Abajo. Udongo ni wa kichanga, unapitisha maji upesi.

Kilichonishangaza zaidi ni kalenda. Tabora tunapandikiza tukifuata mvua. Wao wanazikimbia: mvua zao ni Mei hadi Oktoba, hivyo vitalu huanza Septemba na miche huhamia shambani kuanzia Oktoba. Tumbaku yote inakua kiangazi, kwa kumwagilia. Uchumaji unafanana na wetu, majani mawili matatu kwa zamu, kuanzia chini. Majani ya chini huwaka vizuri, ya kati yana harufu, ya juu ndiyo yenye ukali. Jani la kufungia kwa nje sigara nene za Kuba (cigar) hulimwa chini ya vitambaa vyeupe vinavyopunguza jua, ili liwe jembamba na laini. Nilipewa moja nilishike: nililikunja kiganjani, likafunguka bila ufa. Wateuzi wetu, wanaopanga majani kwa madaraja, sijui wangelipa daraja gani.

Historia yao ina jambo ambalo mkulima yeyote wa zao la biashara atalielewa. Mwaka 1717 ufalme wa Hispania ulijitwalia ukiritimba wa tumbaku: mnunuzi mmoja, bei moja. Wakulima, wengi wao wenye asili ya visiwa vya Canaria, waliasi mara tatu karibu na Havana, na mwaka 1723 kadhaa wakauawa. Ukiritimba ulikuja kufutwa 1817. Kinyume na miwa, tumbaku ilibaki zaidi zao la mashamba madogo, ingawa watumwa walikuwako pia. Mapinduzi ya 1959 yaliwapa wapangaji wengi hati za ardhi, lakini mnunuzi akabaki mmoja tena, safari hii serikali. Alejandro Robaina wa San Luis, aliyefariki 2010, aliendelea kulima kifamilia nje ya mashamba ya serikali, na mwaka 1997 aina mpya ya sigara hizo ikapewa jina la ukoo wake. Mimi nadhani hapo ndipo siri ilipo: jani linalotaka kuguswa mara nyingi hivyo halilimwi na mtu asiye na lake shambani.

Udhaifu wao uko kwenye mabani yaleyale. Tarehe 27 Septemba 2022 kimbunga Ian kiliingia nchi kavu karibu na La Coloma, kusini mwa mkoa, kikaangusha maelfu ya mabani. Kwetu bani likianguka unafyatua matofali. Wao wanahitaji mbao ndefu, na mbao zilikuwa adimu. Miche ilikuwa ingali kitaluni, na kupandikiza kunaisha Januari. Kwa hiyo msimu ule shamba halikupimwa kwa ukubwa wa ardhi. Lilipimwa kwa idadi ya mabani yatakayokuwa yamesimama kabla jani la kwanza halijachumwa.